Insha Mbili na Kiti Kimoja

Jumanne, 7 Mei

Gwynoro Nyuki amepata mgeni. Mwanamke. Wa Bretagne, ng'ambo ya bahari. Amekuja kwa baiskeli, siku tatu kabla ya kufungwa kwa insha! Nimeuliza watu wanne kama hilo si jambo la ajabu. Wote wanne wamesema si la ajabu. Kwa hiyo wameshaambiwa waseme hivyo.

Niweke mambo wazi, maana daftari hili huenda likasomwa nikishakufa. Mimi ni Tegid Pugh. Nauza misumari, rangi na kamba hapa Llanwenfro, ndiyo maana naitwa Tegid Misumari. Gwynoro Breeze ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Anafuga kondoo na nyuki, ni mzee wa kanisa, anaimba sauti ya chini kabisa kwenye kwaya, na kila mtu anampenda. Mtu anayependwa na kila mtu ana jambo analolificha. Miaka mitano iliyopita alishinda kiti cha Eisteddfod yetu, tamasha la kila mwaka la nyimbo na maandishi, ambapo mwandishi bora hupewa kiti cha kuchongwa. Mimi nimekishindania mara tisa. Mara ya sita walitangaza kwamba hakuna aliyestahili, kiti kikarudi stoo. Waliona afadhali kikaliwe na vumbi kuliko kukaliwa na mimi.

Mwaka huu ni wangu. Kiti kinatolewa kwa insha, na mada ni historia ya lugha yetu ya Kiwelisi na ndugu zake. Na kiti chenyewe! Shemeji yangu Hefin amekichonga kutoka kwenye mwaloni wa marehemu baba, ule ulioanguka uani kwetu kwa dhoruba ya Januari. Baba alishinda viti viwili. Viko sebuleni, hakuna anayethubutu kuvikalia. Kati yavyo, chini ya dirisha, kuna nafasi. Baba aliiacha mwenyewe. Hakusema ni ya nani, lakini aliniangalia.

Insha yangu imefika ukurasa wa tisini na nne. Inaanza na Wagalatia, wale waliogombezwa na Mtume Paulo kwa barua. Hao walisema lugha ya Kikelti, ya ukoo mmoja na yetu, kule ambako leo ni Uturuki. Nathibitisha kwamba kwa jinsi walivyopenda kugombana wenyewe kwa wenyewe, walikuwa jamaa zetu wa karibu sana. Mtu hajawahi kuandika hivyo. Sasa wiki hii hii anatua kwa Gwynoro mtu wa Kibretoni, lugha iliyo dada wa tumbo moja na yetu. Bahati? Mimi si mtoto wa jana.

Jumatano, 8 Mei

Asubuhi nilipanda darini juu ya duka na darubini. Gwynoro na yule mwanamke wamekaa mezani. Karatasi zimetapakaa. Gwynoro anaandika, mwanamke anaelekeza kwa kidole. Wakacheka! Mtu mwenye insha halali hacheki siku mbili kabla ya mwisho.

Saa tano mwanamke akaja dukani mwenyewe, kutaka kiraka cha mpira wa baiskeli. Nikampa na kiti cha kukalia, na chai, na kipande cha mkate wa zabibu wa Morfudd, mke wangu. Nilikusudia kumchimba taratibu. Anaitwa Rozenn Kerbiriou. Kiwelisi anakisema vizuri mno. Amejifunza kwa majira matano ya baridi, eti kwa sababu ya mapenzi tu. Na zile herufi za mwanzo hakosei hata moja! Kwetu neno haliingii kwenye sentensi na sura moja, hubadilisha herufi ya kwanza kulingana na lililolitangulia. Paka ni *cath*. Akiwa wako ni *gath*, akiwa wangu ni *nghath*, akiwa wa mama yule ni *chath*. Mnyama ana majina manne kabla hajatoka jikoni. Mimi mwenyewe huteleza nikikasirika. Huyu hatelezi. Nikamuuliza kazi yake. Akasema ni dereva wa basi la shule. Basi liko wapi? Hana!

Kisha akatoa kijitabu kilichochakaa. Akasema babu yake alikuwa muuza vitunguu. Kila mwaka alivuka bahari kwa meli na kupita mabonde yetu kwa baiskeli, mashada ya vitunguu yakining'inia usukani. Humo aliandika milango yote aliyogonga. Rozenn anaizungukia yote kabla mama yake, ambaye ni mgonjwa, hajafumba macho. Umebaki mmoja. Babu aliandika: mlango wa buluu, karibu na kinu, mama aliyenipa supu. Akaniuliza kama naujua.

Naujua. Ni mlango wa mama yangu mzazi, wa nyumba tuliyokaa kabla ya kuhamia hapa. Namkumbuka yule mzee. Nilikuwa na miaka sita, alinipa kitunguu kimoja cha kwangu peke yangu.

Nikasema sijui. Ilikuwa chambo dhahiri. Ningemwambia, saa hiyo hiyo habari ingekuwa kwenye insha ya Gwynoro. Akashukuru, akaondoka. Kiraka sikumlipisha. Sielewi kwa nini.

Alhamisi, 9 Mei

Nimesalitiwa. Gwynoro anaijua lakabu yangu!

Sheria yetu ni moja tangu enzi za babu zetu. Insha hupelekwa kwa lakabu, jina lako la kweli linafungwa ndani ya bahasha ndogo. Jaji hajui nani ni nani mpaka siku yenyewe, tarumbeta ikilia, lakabu ikaitwa, na mshindi akasimama katikati ya watu. Mimi nilikuwa nimechagua Mwana wa Mwaloni. Sikumwambia mtu. Leo Gwynoro amekuja kununua waya, akasema, huku akiangalia dari, kwamba mwaka huu mialoni mizuri imeanguka. Mialoni! Kwa nini asiseme misonobari? Nikamuuliza Morfudd kama ameropoka kwenye kamati ya sandwichi. Akasema kamati ya sandwichi huzungumzia sandwichi. Jibu la haraka mno.

Nimekaa na hasira kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikapata wazo. Sijawahi kupata wazo kama hili, na nimepata mengi.

Insha yangu kubwa itakwenda kwa lakabu mpya: Sauti ya Galatia. Na ile ya Mwana wa Mwaloni? Nitaandika nyingine chini ya jina hilo. Mbovu. Mbovu ya kutia kinyaa! Na ndani ya bahasha nitaweka jina la Gwynoro Breeze. Jaji ataichana mbele ya kijiji kizima, kwa sababu majaji wetu hawana huruma, huo ndio utamu wa siku ile. Kisha litavuja kwamba ni ya Gwynoro, maana kwetu kila kitu huvuja. Zaidi ya hapo, kila mtu anaruhusiwa insha moja tu. Yeye akipeleka ya kwake, atakuwa na mbili. Atafutwa! Na mimi sijavunja sheria yoyote. Yangu ni moja. Ile nyingine ni yake.

Nimefunga duka mchana, nikaiandika kwa kikao kimoja. Kurasa mbili na nusu. Hakuna tanbihi, hakuna Wagalatia, hakuna hata mwaka mmoja wa historia. Nimeandika kama mama alivyokuwa akisema, maneno ya jikoni. Muuza vitunguu anabisha hodi. Mama hajui Kibretoni, yeye hajui Kiwelisi. Anataka kumwambia mama shada lina vitunguu sitini. Anahesabu: tatu ishirini. Mama anaacha mwiko hewani. Na sisi sitini ni tatu ishirini! Anaonyesha mkate, yule anautaja, na neno lake linakaribia letu. Anaonyesha nyumba, mto, mkono, kichwa. Ndugu wawili walioachana miaka elfu na mia tano, mmoja akavuka bahari mwingine akabaki, wanatambuana mlangoni kwa vitu vya nyumbani. Mama anaweka sahani ya pili ya supu. Basi, mwisho.

Takataka tupu. Mlango nimeupaka kijani ili mtu asiutambue. Macho yaliniwasha sana wakati naandika. Nadhani ni vumbi la dukani.

Ijumaa, 10 Mei

Nimetumbukiza insha mbili kwenye sanduku la kanisani. Moja saa tatu asubuhi, bila kofia. Ya pili saa tano, na kofia na miwani ya Morfudd. Nimejikwaa mara mbili ngazini. Nimechapa bahasha zote mbili kwa taipureta, mwandiko hautanifichua.

Gwynoro alipita na kunipungia mkono. Sikumpungia.

Jumatano, 15 Mei

Nimekwenda karakanani kwa Hefin kukiona kiti. Mungu wangu! Mgongoni amechonga majani ya mwaloni, na kwenye mkono wa kulia ameacha lile fundo la mti nililokuwa nikikanyaga kupanda nikiwa mtoto. Nimelishika kwa muda mrefu.

Kisha nikatoa futi. Urefu unaingia chini ya dirisha langu na inchi mbili zinabaki. Lakini upana! Kikalio ni kipana sana. Mimi ni mwembamba. Nani hapa kijijini ana makalio mapana? Nikamuuliza Hefin alimpima nani. Akasema alipima mbao. Akaongeza, "Shemeji, nenda nyumbani ukapumzike." Sasa hata Hefin.

Jumamosi, 25 Mei

Naandika haya nimeketi jikoni. Nitaeleza kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Watoto walighani, kwaya iliimba, mtu wa bonde la pili alipiga kinubi mpaka kikakata uzi. Mimi nilikaa safu ya nne, pembeni, ili nikisimama nionekane na wote. Suti ya baba. Morfudd kushoto kwangu, anafuma soksi. Safu ya mbele Rozenn, bado hajaondoka! Gwynoro alikuwa nyuma kabisa, anabeba birika kubwa la chai na kumimina vikombe, anajifanya hana habari. Nikacheka moyoni.

Saa tisa akapanda jukwaani jaji, Mwalimu Heulwen Probert, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Akasema insha zilizoletwa ni nne. Nne! Yangu, ile mbovu, na mbili nyingine. Moja ya hizo mbili lazima ni ya Gwynoro. Amekwisha.

Akaanza na mtu anayejiita Bundi. Akasema Bundi ameeleza vizuri jinsi lugha zetu zilivyogawanyika mikono miwili, sisi na Wabretoni na Wakorni upande mmoja, Waayalandi na Waskoti na watu wa Kisiwa cha Man upande wa pili, na jinsi sisi tunavyosema *pen* kwa kichwa na wao *ceann*. Lakini ameyanakili, hata kosa la chapa amelinakili. Watu wakacheka. Wa pili, Jiwe la Mto, alilia kurasa nane juu ya lugha ya Kikorni iliyokufa, akasahau kutaja kwamba imefufuliwa na kuna watoto wanaiimba. Akasema mtu asizikwe akiwa mezani anakula. Watu wakacheka tena.

Kisha akainua rundo kwa mikono miwili. Sauti ya Galatia! Nikanyoosha tai.

Akasema, na nanukuu neno kwa neno kwa sababu sitalisahau mpaka kaburini: "Mwandishi huyu amesoma vitabu vingi, na amevikasirikia vyote."

Ukumbi uliangua kicheko. Akaendelea. Akasema Wagalatia wanachukua kurasa hamsini na moja na wakitoka wanakuwa wamechoka kama msomaji. Akasema kuna kurasa kumi na moja zinazomtuhumu jirani asiyetajwa jina kwamba huiba mawazo kwa kutazama dirishani. Akasema anamwombea jirani huyo. Nyuma kabisa Gwynoro alicheka kwa sauti yake ya chini, birika likatikisika. Na Morfudd! Sindano zake zilisimama. Hakuniangalia. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Nikajipa moyo. Nikasema, subiri, bado Mwana wa Mwaloni. Akiichana hiyo, yangu itaonekana nzuri. Pengine kiti hakitatolewa tena na nitajaribu mwakani.

Mwalimu Probert akavua miwani. Akasema insha ya nne haina hata tarehe moja. Akasema amefundisha historia ya lugha hizi miaka thelathini na nane, na hakuwahi kuweza kuwaeleza wanafunzi kile alichokieleza mwandishi huyu kwa sufuria ya supu na shada la vitunguu. Kisha akaisoma. Yote. Maneno ya mama, kwa sauti yake, mbele ya watu mia mbili. Alipofika kwenye tatu ishirini, hata saa ya ukutani ilisikika. Rozenn alikuwa ameinama, mabega yanatikisika.

Tarumbeta ikalia. Jaji akasema Mwana wa Mwaloni, popote alipo, asimame.

Miguu yangu ilisimama. Naapa, haikuniuliza. Ilifika nusu, nikaikumbuka bahasha, nikaikalisha. Morfudd akageuka na kunitazama. Jaji akaita mara ya pili. Watu wakageuza shingo huku na huku. Akaita mara ya tatu. Nilishika kiti nilichokalia kwa mikono miwili, cha plastiki, huku mwaloni wa baba ukiwa jukwaani hatua kumi kutoka kwangu. Ningefanyaje? Nikisimama, ndani ya bahasha hamna jina langu. Nitaulizwa kwa nini. Na nikieleza kwa nini, nitahama kijiji.

Wakafungua bahasha. Wakasoma: Gwynoro Breeze.

Alidondosha kikombe. Wakamwendea wawili, kama ilivyo desturi, wakamshika mikono na kumpandisha jukwaani, bado ana taulo la vikombe begani. Alifungua mdomo akasema hakuandika chochote, kwamba kuna kosa. Watu wakapiga makofi kwa nguvu zaidi! Kwa sababu kwetu mshindi lazima akane kidogo, ndiyo adabu. Baba alikana kwa dakika nne. Jinsi Gwynoro alivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kumpenda. Wakamkalisha. Alienea vizuri kwenye kile kikalio.

Upanga wa sherehe ukatolewa nusu alani juu ya kichwa chake, ukumbi ukaulizwa mara tatu kama kuna amani. Na mara tatu watu wote wakajibu "Amani!" Na mimi nilijibu. Meno yaliniuma. Mtu asipojibu huonekana.

Kisha Rozenn akapanda, akamkumbatia Gwynoro, akamwambia kitu sikioni huku analia. Gwynoro alikuwa anatazama juu ya bega lake. Alikuwa ananitazama mimi.

Morfudd alisema neno moja tu njiani. Alisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema chai ipo.

Jumapili, 26 Mei

Baada ya ibada Gwynoro amekuja na pikapu. Nyuma kuna kitu kimefunikwa magunia ya sufu. Nilikuwa nimeshamwona kwa darubini, nikajiweka mlangoni.

Alivua kofia. Akasema mwaka huu hakupeleka insha yoyote, kondoo walizaa vibaya, hakupata hata nafasi ya kufikiri. Akasema zile karatasi zilikuwa anwani za kwenye kijitabu cha babu wa Rozenn, alikuwa anamsaidia kutafuta milango. Nikasema sikuuliza juu ya karatasi zozote. Akasema ni kweli, sikuuliza, ila kioo cha darubini huwaka jua likipiga.

Kisha akasema, "Tegid, mimi na wewe tumekunywa supu jikoni kwa mama yako. Mlango wake naujua, na nilimtuma Rozenn kwako ili umwonyeshe wewe mwenyewe."

Nikamwambia mlango wa kwenye insha ni wa kijani.

"Ndiyo maana nimejua," akasema. "Mtu asiye na la kuficha angeuacha wa buluu."

Akaniambia hahitaji maelezo. Hataki kujua jina lake lilifikaje kwenye bahasha. Hatamwambia jaji, hatamwambia katibu, hata mkewe hajamwambia. Atakishusha kiti, atakiingiza sebuleni, na watu akiwaambia kwamba amenizawadia kwa sababu ya mwaloni wa baba, watamsifu na wataacha. Anataka tu jambo moja. Nimwambie kwa mdomo wangu kwamba niliandika mimi, ili Rozenn ajue amshukuru nani kabla hajaondoka kesho.

Mtego! Wazi kabisa. Mfuko wake wa koti ulikuwa umevimba. Kinasa sauti. Nikikiri tu, Jumatatu kijiji kizima kinanisikia.

Lakini nilikiona kiti kupitia pengo la magunia. Lile fundo. Kidogo nilie, naandika ukweli.

Akaniuliza taratibu, "Unakitaka, Tegid?"

Hapo ndipo lugha yetu ilipo na ukatili wake. Watu wengine wana neno moja dogo la kukubali, unaguna tu na shughuli imekwisha. Sisi ukiulizwa unataka, inabidi useme nataka au sitaki, kwa kinywa kizima. Hakuna pa kujificha. Nilivuta pumzi. Niliangalia mfuko wake.

"Sikitaki," nikasema.

Akatoa kile kitu mfukoni. Ni chupa ya asali. Akaiweka kizingitini, akavaa kofia, akaondoka na kiti cha baba.

Asali nimeifungia kabatini. Nitatafuta namna ya kuipima.

Jumatatu, 27 Mei

Duka limefungwa, ni sikukuu. Nimepanda darini. Kiti kipo jikoni kwa Gwynoro, pembeni ya jiko. Yeye hajakikalia. Paka wake amekikalia.

Saa nne Rozenn amekuja kuaga. Nilidhani atauliza tena mlango wa buluu, nikawa nimetayarisha jibu. Hakuuliza. Kumbe jana jioni Morfudd alimpeleka! Wamesimama pale nusu saa, wakaupiga picha, mama yake mgonjwa ameshaitazama kwenye simu na kuomba aonyeshwe tena. Yote haya nyuma ya mgongo wangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akatoa begini shada la vitunguu, la mwisho, la msimu uliopita. Akaliweka juu ya meza. Akasema, "Hili ni la mwandishi, mzee wangu." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda baiskeli, akaenda zake.

Nimewaza sana alimaanisha nini. Jibu ni rahisi, amekosea nyumba. Nilikuwa nilipeleke kwa Gwynoro lakini mvua ilianza. Kwa hiyo nimelitundika jikoni, karibu na dirisha, mahali mama alipokuwa akitundika lake kwenye nyumba ile. Hakuna sababu maalumu. Msumari ulikuwepo.

Nimelihesabu. Vitunguu tisa.

Sasa nimepata utulivu na nimeelewa kilichotokea. Yote ilikuwa hila ya Gwynoro. Nani alimleta yule mwanamke? Gwynoro. Nani alimpa habari za duka langu? Gwynoro. Mwanamke akanikumbusha vitunguu, Gwynoro akanitajia mialoni ili nibadilishe lakabu, na mimi, mtu mwema, nikaandika insha wakaipeleka kileleni kwa jina lake. Mpango wa ajabu. Karibu nimheshimu.

Lakini nimejifunza! Majaji wa siku hizi wanapenda insha mbovu. Vizuri. Mwakani nitapeleka mbili tena. Ile nzuri, yenye utafiti, itakwenda na jina la Gwynoro kwenye bahasha, ili aanguke. Ile mbovu itakuwa yangu. Bahasha ya Gwynoro nimeshaichapa. Ile mbovu pia nimeshaianza, na nimeifanya mbovu kweli kweli: iko ukurasa wa ishirini na tatu, na tanbihi ni tatu ishirini na mbili.

Mada ilitangazwa juzi kabla watu hawajatoka ukumbini. Mwakani tunaandika kuhusu Jirani. Hakuna mtu Llanwenfro anayemjua jirani yake kuliko mimi. Nimesafisha darubini, nimefuta vumbi pale chini ya dirisha, na Gwynoro ndiyo kwanza anatoka nje na ndoo.